Shabu kwa mama anayenyonyesha

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 26, ninaishi Ngamiani, Tanga, na mwanangu ana miezi minne. Tangu nilipotoka arobaini, tendo la ndoa limekuwa la maumivu kwa sababu ninakuwa mkavu mno. Somo yangu, yaani kungwi aliyenifunda, amenipa shabu (lile jiwe la vinyozi) iliyosagwa ya kuweka ukeni ili nibane, uwatu wa kunywa, na karafuu za kujifukiza. Shabu nimekwisha kuitumia, na sasa nawashwa kama niliyepakwa pilipili. Je, niendelee?
Mama Mchanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shabu iache leo hii, wala usijaribu kuitoa kwa kujiosha ndani kwa sabuni au ndimu. Maji safi kwa nje yanatosha.

Ukavu wako una sababu inayojulikana. Mama anaponyonyesha, homoni ya estrojeni hushuka mwilini na ute wa uke hupungua, na hali hiyo kwa kawaida hutengemaa kadiri mtoto anavyopunguza kunyonya na hedhi inavyorejea. Kazi ya shabu ni kukausha na kukaza ngozi kwa muda, ndiyo maana vinyozi huipaka penye mkwaruzo wa wembe ili damu ikome. Wewe ulilalamikia ukavu, nawe ukapewa kikaushio! Ngozi ya ndani, ambayo ni laini kuliko ya shavu, ikikaushwa hivyo huchubuka, na mchubuko hurahisisha kuingia kwa virusi vya Ukimwi na maradhi mengine ya zinaa.

Somo yako simvunjii heshima, kwani mengi anayofundisha mwari kuhusu usafi na maelewano ya ndoa yana thamani kubwa. Uwatu ukiutia kwenye uji kwa kiasi cha chakula hauna neno, ila unaweza kushusha sukari ya damu, kwa hiyo anayetumia dawa za kisukari amwulize daktari kwanza. Karafuu fukizia nguo na chumba, si mwili. Moshi na joto lake huunguza.

Mwasho ukiisha kabisa, mafuta safi ya nazi yatakusaidia kulainisha, lakini kama mnatumia kondomu za mpira, nunua jeli ya maji katika duka la dawa, kwa sababu mafuta huzidhoofisha. Kuhusu kubana, kaza misuli unayozuilia mkojo, hesabu hadi tano, ilegeze, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Matokeo huonekana baada ya miezi, si siku. Mumeo naye aelezwe, maana pupa yake itakuumiza hata ukiwa na dawa zote.

Ukiona damu, uchafu unaonuka kama samaki, au mwasho usiopungua kwa siku mbili, nenda Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, na uchukue ule unga uliobaki ili mhudumu aone ulichotumia.