Maswali ya Wasomaji: Tufe la Kwanza la Boling

SWALI: Nilianza kucheza boling nikiwa Nairobi kikazi na sasa nataka tufe langu. Ukumbini nacheza kwa la pauni 12, ila baada ya michezo miwili gumba linavimba na kifundo chake kinauma. Mwenzangu ananiambia nishuke hadi pauni 10. Ni kweli uzito ndio unaoniumiza?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Dada, angalia matundu kwanza. Tufe la ukumbini hutobolewa mapana ili kila anayeingia aweze kupenyeza vidole. Gumba likipwaya ndani, unalazimika kulikunja na kulibana ukuta wa tundu ili tufe lisikuponyoke, na huko kubana ndiko kunakovimbisha kifundo. Pauni 12 ni kilo 5.4 tu. Ndoo ya lita 10 ina uzito karibu maradufu, lakini unaibeba kutoka bombani bila kubana kitu, kwa kuwa mshikio umekaa kwenye vidole vilivyopinda. Tufe lililotobolewa kwa mkono wako nalo huning'inia hivyo hivyo. Wengi wakipata lao hujikuta wanamudu pauni moja au mbili zaidi ya lile la ukumbini, kwa hiyo usikimbilie pauni 10.

Jipime hivi: simama wima, shika tufe, acha mkono ubembee mbele na nyuma kama pembea. Bega likishuka upande mmoja au kiganja kikipinda nyuma, ni zito. Ukomo wa kanuni ni pauni 16, yaani kilo 7.26, lakini hakuna anayekudai ufike huko.

Kuhusu aina, nunua la poliesta, lile ambalo wachezaji huliita la plastiki. Ndilo la bei ya chini, linakwenda moja kwa moja na halinyonyi mafuta yanayopakwa kwenye njia, ile sakafu ndefu linakobingirika. Matufe ya resini yanayokata kona kali mbele ya pini, vile vigingi vinavyoangushwa, yanavutia kuyatazama, ila yanakula mafuta, yanahitaji kusafishwa kila mara, na yanamfaa mtu ambaye mrusho wake umeshatulia. Hata mabingwa hubeba la poliesta kwa ajili ya pini moja iliyobaki pembeni. Fedha utakayookoa iweke kwenye kipimo na utoboaji.

SWALI: Ndugu yangu ananiletea tufe jipya lisilotobolewa. Sijaona mtoboaji maalumu hapa Arusha. Je, fundi wa kukereza vyuma pale Unga Limited anaweza kulitoboa?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Anaweza, ukimpelekea vipimo kamili na asipoharakishwa. Ukienda na tufe peke yake, yeye atatoboa matundu matatu mazuri yasiyohusiana na mkono wako.

Kipimo cha kwanza ni shibiri: umbali kutoka ukingo wa tundu la gumba hadi ukingo wa tundu la kidole, ukifuata mviringo wa tufe. Kuna shibiri mbili, ya kidole cha kati na ya kidole cha pete, nazo mara nyingi hazilingani. Zipime zote. Njia ya kuaminika ni kutafuta ukumbini tufe linalokukaa vizuri na kulipima kwa futi ya fundi cherehani. Ukikosa, chukua mpira wa miguu saizi 5 uliojaa upepo. Mzingo wake ni sentimita 68 hadi 70, na wa tufe la boling hauzidi 68.6, kwa hiyo mkono unatandazika karibu sawasawa. Weka alama ya kalamu kwenye shina la gumba na nyingine chini ya mkunjo wa pili wa kila kidole, ukihesabu kutoka ncha. Hicho ni kipimo cha kuanzia, bado si cha kutobolea.

Cha pili ni unene wa gumba. Mwombe seremala akutobolee kipande cha ubao matundu yenye kipenyo cha kuanzia milimita 20 hadi 28, yakipishana nusu milimita. Jaribu mchana, mkono ukiwa na joto. Asubuhi ya Julai, Arusha ikiwa na ukungu, gumba husinyaa na utachagua tundu litakalokubana ukishacheza nusu saa. Tundu sahihi ni lile ambalo gumba linagusa kuta zote, linazunguka kwa kusuguana kidogo na kutoka bila mlio wa "pop".

Halafu kuna mwinamo, na hapa ndipo fundi mgeni anapokosea. Tundu linaloelekea katikati kabisa ya tufe lina mwinamo sifuri. Ukitaka gumba lichomoke haraka, chini ya tundu ielekezwe mbali na kiganja. Ukitaka lishike zaidi, ielekezwe chini ya kiganja. Mwinamo hupimwa kwa umbali ambao mstari wa biti, yaani kekee ya kutobolea, unakosa kitovu cha tufe, kwa kawaida milimita 3 au 6. Kwa tufe la kwanza mwambie sifuri kwenye gumba. Hapo kazi yake ni kuhakikisha tu kwamba alama iliyochorwa iko juu kabisa, wima chini ya biti.

Tufe huteleza kwenye jiriwa. Likalie pete ya bomba pana iliyozungushiwa mpira wa tyubu, kisha likazwe kwa juu bila kukwaruzwa. Biti ya kawaida iliyosokotwa hutangatanga juu ya mviringo, hivyo atumie biti bapa yenye meno pembeni, ile ya maseremala ya kutobolea bawaba za makabati, au chombo cha kupanulia tundu kwenye mashine yake. Mwendo uwe wa polepole na biti iinuliwe mara kwa mara kutoa taka. Ikikimbia, poliesta hupata moto, hulainika na kung'ang'ania ukutani. Vumbi lake si la kuvuta, avae barakoa.

Aanze na tundu la gumba, kina cha sentimita 7 hivi, jembamba kwa nusu milimita kuliko lile la ubaoni. Nusu hiyo mtaimalizia kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Alama ya tufe ambayo nayo huitwa pini, kile kidoti cha rangi, ibaki katikati ya mashiko chini ya kiganja. Sasa ingiza gumba hadi mwisho, laza vidole juu ya alama zake, na uhakiki shibiri kabla biti haijagusa tena. Kosa likionekana sasa, ni kufuta kalamu tu. Mkunjo wa pili upite ukingo wa tundu kwa milimita 6 hivi. Kati ya tundu la kidole cha kati na la pete abakize ukuta wa milimita 6 hadi 10; mwembamba zaidi ya hapo hupasuka.

Mwisho afute ukali wa kingo zote. Ukingo mkali utakuchana gumba kabla mchezo wa kwanza haujaisha. Usikubali tundu la nne la "kusawazisha": tangu Agosti 1, 2020 kanuni za chama cha boling cha Marekani zimeyakataza matundu yasiyoshikiwa.

Kujaribu, penyeza penseli kati ya kiganja na tufe. Ikipita kwa kugusa pande zote mbili, shibiri ni sawa. Ikipita na nafasi ikabaki, ni fupi, na utaanza kubana. Isipopita, ni ndefu, na maumivu yatakuja kwenye shina la gumba. Tundu likipwaya kidogo, bandika tepu ya wachezaji ndani, upande wa ukucha, kipande kimoja kimoja.

SWALI: Nimenunua tufe la mtumba lenye matundu tayari. Shibiri ni fupi kwangu. Kuna namna?
*Msomaji, Pasua, Moshi*

JIBU: Shibiri hairekebishiki kwa tepu. Ni kuziba na kutoboa upya. Kabla hujatumia hata shilingi, lipime kwenye mizani ya bucha, kwa sababu namba ya uzito huwa imefutika: la pauni 14 linakaribia kilo 6.3. Kisha lifute kwa kitambaa chenye maji. Uso ukikauka, ufa hubaki mstari mweusi. Ufa mdogo kati ya matundu mawili ya vidole unavumilika. Unaotoka tundu la gumba na kutambaa juu ya tufe, achana nalo.

Likiwa zima, mafundi wa faiba wanayo resini ya poliesta inayofaa kuzibia. Kuta za matundu zikwaruzwe kwa msasa, mafuta yafutwe, kisha resini imiminwe kwa awamu mbili au tatu. Inapoganda huchemka, na ikimiminwa yote kwa mkupuo hupasuka au huacha mapovu. Acha siku nzima, sawazisha uso kwa msasa 500, 1000, kisha 2000.

SWALI: Naweza kulisafisha kwa thina? Na je, likae kwenye buti la gari?
*Msomaji, Usa River*

JIBU: Yote mawili hapana. Thina hulainisha uso wa poliesta. Mwaka 1973 Mmarekani Don McCune alitamba kwa matufe aliyoyaloweka kwenye kiyeyusho ili yalainike na kushika njia, na baadaye vyama vikaweka kanuni ya ugumu wa uso. Kitambaa kikavu kila baada ya mrusho kinatosha, na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ukifika nyumbani, matundu yakielekea chini yasijae maji. Buti lililoegeshwa juani huchemka mchana na kupoa usiku, na tufe hutanuka na kusinyaa hadi kupasuka matunduni. Lihifadhi ndani ya nyumba, juu ya pete ya kitambaa lisije likabingirika.