Bruda iwake kabla vifaranga hawajapanda basi

Kundi langu la kwanza lilikuwa vifaranga 100 wa siku moja. Walishuka stendi ya Mafinga usiku, mwezi wa saba. Anayeijua baridi ya Mafinga mwezi wa saba ameshaelewa. Chumba nilikuwa nacho, balbu ipo, na jiko la mkaa nilipanga kuliwasha nikishafika nao nyumbani. Asubuhi niliokota 37 kwenye pembe moja ya chumba, wamelaliana kama viazi kwenye gunia. Wa juu wazima, wa chini wamekuwa bapa. Hapakuwa na ugonjwa wowote, walikandamizana wakitafuta joto.

Kwa hiyo anza na pembe. Bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, haitakiwi kuwa na pembe hata moja. Kata hadibodi vipande vya kimo cha sentimita 45 hivi, uviunge viwe duara. Kwa vifaranga 100, duara la upana wa mita mbili linatosha wiki ya kwanza, kisha unaongeza kipande na kulitanua kadiri wanavyokua. Ukiwa na 20 tu, boksi kubwa la katoni linafanya kazi, ila pembe zake zizibe kwa vipande vya katoni.

La pili ni muda. Washa joto siku moja kabla. Hewa ya chumba hupata moto upesi, sakafu ya saruji haina haraka hiyo, na kifaranga anaishi sakafuni. Mwaga maranda unene wa sentimita 5 hadi 8, halafu ingiza mkono mpaka chini. Ukihisi ubaridi, bado. Na ninaposema maranda namaanisha yale yaliyotoka kwenye randa. Unga wa msumeno wataudonoa wakidhani ni chakula. Juu yake tandika magazeti siku mbili tatu ili waone chakula, kisha yaondoe, maana gazeti linateleza na kifaranga anatanuka miguu.

Vitabu vinasema nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, halafu punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Ni kweli, na kipimajoto si ghali, kininginize usawa wa mgongo wa kifaranga, si usawa wa macho yako. Lakini mimi huwatazama wenyewe kwanza. Wakijirundika chini ya taa wakilia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, mabawa wazi, midomo wazi, umewachoma. Wakisongamana upande mmoja tu, kuna upepo unapenya, tafuta tundu. Wakitawanyika, huyu anakula, yule kalala kifudifudi, na wewe kapumzike.

Kuhusu mkaa niseme kwa ukali kidogo. Jiko liwashwe nje, mkaa ushike wote uwe mwekundu, moshi uishe, ndipo uliingize. Hata hivyo acha uwazi juu ya dirisha. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua vifaranga na mwenye vifaranga pamoja, kwa hiyo usilale ndani ya chumba hicho. Jiko lizungushie wavu au matofali wasilifikie.

Wakifika, maji kwanza, ya uvuguvugu, yenye glukosi. Chovya midomo ya wachache, wengine wataiga. Sahani ya maji iwe na kokoto, kwa sababu kifaranga akilowa usiku wa kwanza huenda asifike asubuhi. Chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Jioni kabla ya kulala, shika kama kumi na upapase gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, kwa kidole. Likiwa limejaa na laini kama uji mzito, kala na kanywa. Likiwa gumu, hajanywa. Likiwa tupu, msogeze kwenye chakula na uangalie tena joto, maana mwenye baridi hali.

Chanjo fuata ratiba ya mtaalamu wa mifugo wa kwenu. Mimi huanza na ya ugonjwa wa kideri siku ya 7, na ya ugonjwa wa gumboro siku ya 14. Kama unachanjia kwenye maji, usitumie ya bomba yenye klorini, utakuwa umeiua chanjo kabla hawajainywa.

Kitu kimoja nilikijua kundi la tatu. Umeme wa Luku uliisha saa nane usiku, na vifaranga ambao hawajawahi kuona giza walipiga kelele za ajabu wakaanza kurundikana. Tangu hapo, kuanzia usiku wa pili huwa nazima taa dakika chache nikiwa nimesimama pale pale, joto la jiko likiendelea, kesho yake naongeza kidogo. Na chemli huwa imejaa mafuta, imening'inia mlangoni, kiberiti kimefungwa kwenye mpini wake kwa mpira.