Eti ualimu wa chekechea siyo kazi?

SWALI: Dada shikamoo, nimemaliza fomu foo nina divisheni 3, nataka kusomea ualimu wa awali ila bamkubwa anasema eti ile ni kuimbisha watoto tu. Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Divisheni 3 inatosha, ila kabla hujalipa ada hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET, lile baraza la serikali linalosajili vyuo, maana matapeli wapo. Bamkubwa mwambie kwa heshima tu kwamba utasoma makuzi ya mtoto, utashona na kubandika zana za vizibo na maboksi mpaka usiku, halafu ikifika BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, unaingia darasani huyu analia huyu kajikojolea na mkaguzi kakaa nyuma anaandika, hapo nyimbo ndo zinakuokoa kwahiyo zijue nyingi.