Maswali ya mafundi: tenda za serikali na LPO ya mdomo

Nina karakana ya printa na kompyuta Nyakato, nimwone nani halmashauri nipate tenda?

Usimwone mtu. Jisajili NeST, ule mfumo wa serikali wa tenda mtandaoni. Hili swali nimelijibu mpaka basi.

NeST nipo toka mwaka jana ila sijaona hata tenda moja ya matengenezo.

Angalia aina ya biashara uliyochagua. Wengi mlijaziwa na dogo wa steshenari, kaweka anachokijua yeye, sasa fundi wa jenereta unaletewa tenda za rimu za karatasi. Na barua pepe aliyotumia ni ya nani? Kama ni yake, siku ukishinda atajua yeye.

Nilitengeneza jenereta ya kituo cha afya, mganga alinipigia usiku imezima, hadi leo sijalipwa. Nimdai nani?

LPO, ile hati ya kuagiza kazi, unayo? Huna. Una "njoo tu fundi, tutamalizana" ya kwenye simu. Kaka, mganga akihamishwa, atakayekuja atakwambia jenereta aliikuta inawaka. Mhasibu halipi kwa huruma, anataka LPO, karatasi ya kukiri kazi imesainiwa, ankara na risiti ya EFD, ikipungua moja faili linarudi. Kwa sasa muwahi huyo mganga kabla hajaondoka, aandike tarehe, namba ya mashine na ulichofunga, agonge muhuri, kisha andika dai kwa mkurugenzi na ubaki na nakala iliyogongwa imepokelewa. Unaweza kulipwa, unaweza usilipwe. Na ile AVR (kidhibiti volti cha jenereta) mbovu uliyoitoa iko wapi? Kama umeibeba irudishe, mkaguzi akija kifaa cha zamani ndo anachouliza.

Tenda ya majokofu ya zahanati za Ukerewe niweke bei gani ili nishinde?

Ili ushinde au ili upate faida? Nyie mnaoweka bei ya Mabatini, hapa Mwanza mjini, kwa kazi ya Nansio, kisiwani Ukerewe, ndo mnatuharibia soko, mkifika mnagundua kuna nauli ya meli, kulala, na kompresa uliyobeba haiingii kwa sababu tangazo liliandika "majokofu" bila modeli na wewe hukuuliza. Uliza ufafanuzi humohumo NeST kabla muda haujaisha. Halafu kuna kodi ya zuio, huduma wanakata asilimia 5, vifaa asilimia 2, kwa hiyo vipuri na ufundi vitenganishe kwenye ankara.

Gereji yangu Igoma inaweza kupata magari ya serikali?

Anzia TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, bila kibali chao hakuna.

Sisi ni kikundi cha vijana mafundi, ile asilimia 30 ya tenda inayotengewa makundi maalum ipo kweli?

Ipo, iko kwenye sheria ya ununuzi ya 2023, vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii. Ila atakuja mzee mmoja mwenye hela anataka "kuwasaidia" kwa kutumia jina la kikundi, kazi afanye yeye. Kazi ikiharibika anayefungiwa tenda ni kikundi, yeye ataenda kutafuta vijana wengine Magu.

Kuna mtu anataka asilimia 10 anipitishie.

Mwambie akupe risiti ya EFD, halafu ipeleke TAKUKURU.