Kutoa petroli, kuweka dizeli: mmeuliza, najibu

Tangu niguse hapa habari ya kuweka injini ya dizeli kwenye magari ya zamani ya petroli, ujumbe unaingia kutoka Ngamiani hapa Tanga mpaka Mombo. Wengine wanataka baraka tu, fundi ameshafungua boneti. Leo nawajibu sita.

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina Land Cruiser FJ60 yenye injini ya petroli, 2F. Inakunywa kama ina kiu ya Ramadhani. Nimepata mtu wa kuniwekea injini ya dizeli, 1HZ ya mtumba kwa milioni 9, kazi na vifaa. Kwa mwezi natembea kama kilomita 600, mjini, na Pangani mara mojamoja. Nifanye? (Msomaji, Majani Mapana)

JIBU: Kaka, tupige hesabu kwanza. 2F ya umri huo ikikupa kilomita 5 kwa lita, shukuru. 1HZ yenye afya tuipe 8. Kilomita zako 600 zinakula lita 120 za petroli, au lita 75 za dizeli. Umeokoa lita 45. Zamani dizeli ilikuwa na unafuu wa bei, siku hizi zinafukuzana, mwezi huu hii juu, mwezi ujao ile. Tuweke 3,000 kwa lita zote mbili ili hesabu iwe nyepesi. Bei halisi itazame kwenye bei kikomo za EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, Tanga tuna safu yetu. Unapata 135,000 kwa mwezi. Milioni 9 itarudi baada ya miezi 66 na ushee, yaani miaka mitano na nusu, na sijahesabu hata chujio moja. Mtu anayetembea kilomita 3,000 kwa mwezi, pesa hiyohiyo inarudi ndani ya miezi 14. Huyo ningemwambia aanze kesho. Wewe, fungua kabureta isafishwe, weka plagi mpya, rekebisha taiming, halafu pima tena mafuta.

Ukiamua kuendelea hata hivyo (najua wenye Land Cruiser), kabla hujatoa shilingi moja chukua nyundo ndogo, tandika boksi, lala chini ya gari. Gonga chesisi taratibu, hasa nyuma kwenye vishikizo vya springi. Chuma kizima kinalia, ngi, ngi. Kilicholiwa kinajibu bwa, na ukigonga mara ya tatu unga wa kutu unakumwagikia machoni. Upepo wa chumvi wa huku hauoni haya kwa gari la mtu. Nimeona injini nzuri kabisa ikiwekwa kwenye chesisi ya namna hiyo, na baada ya miezi michache milango ikawa haifungi tena.

SWALI: Shikamoo fundi. Hiace yangu ni ya petroli, 1RZ, inapiga Kange hadi Muheza. Dereva kila siku analalamika hesabu haifiki kwa sababu ya mafuta. Wenzangu wananiambia niweke dizeli, 3L au 5L. (Mama mwenye daladala, Ngamiani)

JIBU: Marahaba, mama. Kwako jibu ni ndiyo, na ni ndiyo bila wasiwasi mwingi, kwa sababu gari hilohilo Toyota waliliuza likiwa na dizeli. Soma kibati chenye namba ya muundo. Likianza na RZH lilizaliwa na petroli ya RZ. Likianza na LH lilizaliwa na dizeli ya ukoo wa L, ndiyo hizo 3L na 5L. Kwa hiyo maunting, rejeta, mabomba ya mafuta, waya, gia boksi, vyote vya LH vipo na vinakaa bila kubuni. Tafuta LH iliyogongwa nyuma ununue nusu yake ya mbele nzima. Ukinunua injini peke yake, kila wiki utaitwa gereji: mama, imebaki hiki, mama, na hiki tena.

Lakini kwanza ulizia soko. Huenda ukiuza RZH yako na kuongeza kidogo unapata LH iliyokwisha kuwa dizeli, na gari halilali gereji hata siku moja. Siku ambazo Hiace haipo barabarani nazo ni gharama, ingawa hakuna fundi anayeziandika kwenye makadirio.

SWALI: Land Rover 109 ya marehemu baba, petroli ya 2.25. Naitumia kutoa machungwa shambani. Nimepata dizeli ya 200Tdi iliyotoka kwenye Land Rover Discovery. (Mkulima, Muheza)

JIBU: Itakubali. Ni injini za ukoo mmoja, mafundi wa Land Rover wamezioanisha miaka mingi. Ila kumbuka unaondoa nguvu farasi 70 hivi na kuweka zaidi ya 100, huku gia boksi ikibaki ileile ya babu. Ukibeba magunia ukapanda njia ya Amani, achia klachi kama unamlaza mtoto. Pia difu (gia za ekseli) za 109 ni fupi, 4.7 kwa 1, yaani injini inazunguka mara nyingi kwa kila mzunguko wa tairi, na dizeli haipendi kuzungushwa sana kama petroli. Shambani utafurahi. Ukiingia lami kuelekea Segera, ukifika 80 injini italia mpaka usisikie redio. Kama hutoki Muheza, weka.

SWALI: Hilux yangu iliwekwa dizeli ya 2L-T, zamani ilikuwa petroli. Mlimani inapoteza nguvu na inanuka moto, lakini mshale wa joto uko katikati palepale. Tatizo nini? (Msomaji, Mombo)

JIBU: Simamisha gari leo. Nasema hivyo kwa sababu hilo lilinikuta mimi. Hilux yangu ilikuwa na petroli ya 22R, nikaweka 2L-T, fundi akaniambia rejeta ya petroli itatosha. Nilikuwa na haraka, nikakubali. Siku hiyo natoka Mombo napandisha Lushoto, nina mbao nyuma, mshale umetulia katikati kama umepigwa msumari. Kabla ya Soni gari likaanza kuvuta kwa shida, nikaongeza mafuta. Kona mbili mbele, mvuke ukatoka chini ya boneti. Nilipochomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hedi, kile kichwa cha injini, imepasuka. Hedi za 2L-T zinajulikana kwa hilo zikichemka.

Mshale ulikuwa unanidanganya kwa sababu geji ilikuwa ya petroli na sensa iliyofungwa kwenye injini ni ya dizeli. Haviongei lugha moja. Fungisha sensa na geji za seti moja, weka rejeta ya dizeli yenye kifuniko cha kuongozea upepo wa feni, kisha hedi ikapimwe kabla hujapanda mlima tena. Mimi nilirudi Tanga nimevutwa na Fuso la mboga, na dereva wake hakuacha kunisimulia habari za hedi njia nzima.

SWALI: Tangu niweke dizeli breki zimekuwa ngumu kama nakanyaga jiwe. (Dereva, Chumbageni)

JIBU: Injini ya petroli inanyonya hewa na ule mnyonyo ndio unaosaidia busta ya breki, kile kifaa kinachofanya pedali iwe laini. Dizeli haina mnyonyo huo, ndiyo maana Toyota za dizeli zina pampu ya vakyumu ya kuutengeneza, nyingi zikiwa nayo nyuma ya altaneta. Huenda fundi wako kabakiza altaneta ya petroli. Badilisha kabla hujabeba mtu. Na uwe makini na umeme: dizeli nyingi za Land Cruiser zilizotoka Japani ni volti 24, gari la petroli ni 12. Ukichanganya, taa zinaungua zote kwa pamoja.

SWALI: Kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani. Inahusu? (Msomaji, Sahare)

JIBU: Inahusu sana, siku ya kuuza, siku ya ajali na siku ya askari mwenye muda. Nenda TRA (mamlaka ya mapato) na risiti ya injini na karatasi zake za kuingilia nchini, waulize utaratibu kabla kazi haijaanza. Kampuni ya bima nayo iarifu kwa maandishi. Anayekuuzia injini bila karatasi, mwache nayo. Na namba yenyewe ipige picha ikiwa bado chini sakafuni. Injini ikishakaa ndani utaitafuta kwa tochi na kioo cha kunyolea.