Jibu: Volteji kupanda kwenye ncha ya laini ndefu wakati wa kurejesha gridi
Habari ndugu. Umeuliza kwa nini, mnaporejesha umeme baada ya gridi kuzimika, volteji ya laini ya kilovoti 400 hupanda kupita kiasi kwenye ncha iliyo wazi, hata breka (swichi kubwa ya kukata umeme) ikakata. Laini ndefu isiyo na mzigo hufanya kazi kama kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, na hilo ndilo hupandisha volteji kwenye ncha ya mbali. Angalieni kwanza kama riakta za laini (koili kubwa zinazopunguza athari hiyo ya kapasita) zimeunganishwa kweli, kwa kuitazama breka ya kila riakta kwenye uwanja wa kituo na si kwenye skrini pekee, kwani niliwahi kupoteza saa nzima kwa kuiamini skrini. Kisha shusheni volteji ya kituo cha kuanzia kabla ya kuwasha laini, na muwe na mzigo tayari upande wa pili. Jenereta moja ndogo msiiachie laini yote, maana inaweza kushindwa kuidhibiti volteji.