Viraka visipokutana pembeni

Dada, umeuliza kwa nini viraka vya blanketi lako havikutani kwenye pembe ilhali ulivikata sawasawa, na kama ni lazima ushone kila jioni.

Mara nyingi kosa liko kwenye upana wa mshono, wala si kwenye mkasi. Wengi wetu huacha milimita 6 ukingoni. Ukizidisha milimita 1 tu kila upande, kiraka kinapungua milimita 2, na safu ya viraka 10 inapungua karibu sentimita 2! Bandika utepe kwenye cherehani, milimita 6 kutoka kwenye sindano, uwe mpaka wako. Pasi nayo ikandamize kisha uinue. Ukiiburuta, kitambaa kilichokatwa mshazari kitavutika. Mishono inayokutana ilaze pande tofauti, itashikana vizuri.

Kuhusu jioni, usijilazimishe, tafadhali. Mshono wa uchovu hufumuliwa asubuhi. Siku nikichoka mimi huketi tu, miguu nimeifunika kwa blanketi langu la kwanza, napanga rangi sakafuni. Hiyo nayo naihesabu kuwa kazi. Fumua safu moja kwanza, uipime upya.